Dawa ya Kutu

Kristina, mke wa mkata mkonge, alikuwa na mwaka wa tisa akifulia watu nguo Pangani, na ndimu zilikuwa zimemchanachana vidole. Kutu haikumshinda. Aliikamulia ndimu, akainyunyizia chumvi, kisha akaitandaza nguo juani tangu asubuhi hadi alasiri, akirudia kila ilipokauka. Mgongo ulimuuma hata akasahau ulianza lini.

Jumanne moja alimrudishia Bi Zeyana, mke wa mwenye shamba la minazi, kanzu ya mumewe iliyokuwa imeshika kutu ya msumari. Sasa ilikuwa nyeupe pe. Bi Zeyana aliigeuzageuza, akaridhika. Mara macho yake yakatua begani kwa Kristina, ambako debe bovu la maji lilikuwa limemdondoshea doa la kutu pana kama kiganja.

"Ajabu yako, Kristina! Za watu zang'ara, yako wapita nayo na doa mwaka mzima. Uvivu tu huo!"

Hasira ilimpanda Kristina, ikachoka njiani.

"Bibi, dawa yataka jua la kutwa," alisema. "Nami nguo yangu ni hii moja. Siku hiyo nivae nini?"