Rangi kwa Sahani ya Lituma

Neno "moderne", yaani kisasa, likitajwa mbele yangu siku hizi, natema mate. Mke wangu amenikataza, anasema mtu mzima hatemi mate ndani ya nyumba, basi natoka nje kwanza. Huku Mangobo, mtaa wetu, sasa tuna soko moderne, tuna avenue moderne, na tuna choo moderne ambacho kimefungwa kufuli tangu kizinduliwe, kwa sababu ufunguo uko kwa mkubwa fulani mjini. Mwenye haja anajisaidia nyuma ya ukuta wake, na harufu inanifuata mpaka kwenye cherehani ninaposhonea nguo za watu. Lakini sikukaa kusimulia habari za choo. Nataka kusimulia habari za Mama Karima, jirani yangu, na jinsi alivyoipoteza nyumba ya baba yake.

Baba huyo, seremala, alitoka Maniema na misumeno yake, akajenga Mangobo nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na baraza, wakati wengi hapa walikuwa bado wanakandika udongo juu ya miti. Watoto wa kiume walitawanyika. Nyumba ikabaki kwa Mama Karima, kwa sababu ndiye aliyewauguza wazee mpaka mwisho. Majeshi ya kigeni yalipopigana mjini kwetu mwaka elfu mbili, sisi majirani tulijibanza kwenye ukumbi wake, maana kuta zile ndizo tulizoziamini. Mume wake alikuwa fundi wa toleka, zile teksi za baiskeli zilizotubeba wote kabla ya pikipiki kuenea. Alipofariki, Mama Karima alileta kinu barazani, akaweka meza na mabenchi, akafungua malewa, yaani mahali pa kula pa watu wa mfuko mwepesi.

Chakula chake kilikuwa lituma. Ndizi zinachemshwa, zinatwangwa zikiwa bado moto mpaka zinashikana, unapewa donge lako na samaki wa mchuzi. Zikipoa hazitwangiki tena, kwa hiyo akishaanza kutwanga hamsikilizi mtu, hata kama ni mkwe amekuja kumsalimia. Mteja akimharakisha, anaambiwa aende akanunue mkate. Ulimi wake ulikuwa mkali na mkono wake mwepesi, na madereva wa pikipiki walimpenda kwa vyote viwili.

Ili uelewe kosa alilolifanya, lazima ujue habari ya chaki. Hapa kwetu kitu cha bure kikiletwa, iwe chandarua au dawa ya minyoo, kwanza wanapita watu wa kuhesabu nyumba. Wanagonga, wanauliza mnalala wangapi, na wakiondoka wanaandika mlangoni kwa chaki. Mlango wenye chaki unapata. Mlango usio na chaki, hata ulie machozi ya damu, hupati kitu. Mwaka mmoja wa vyandarua Mama Karima alikuwa ameenda upande wa Masako kununua ndizi kwa wakulima. Walikuta kufuli, wakapita. Alipokwenda kudai, aliambiwa nyumba yake haina chaki, kwa hiyo haina watu. Mvua zilezile mjukuu wake, mtoto wa binti yake Asha, akafa kwa malaria. Mimi siwezi kuapa kwamba chandarua kingemwokoa. Yeye anaapa. Tangu hapo hakuna mwandika milango aliyepita mtaani kwetu bila kumkuta amesimama barazani.

Basi mradi wa barabara na soko ukaja. Walisimamisha bango kubwa lenye picha ya Mangobo ya kesho: miti iliyopangwa, gari safi, na watu wanaotabasamu ambao hakuna hata mmoja anayefanana na sisi. Trésor, dereva wa pikipiki anayekaa nyuma yetu, alisema sasa tutakuwa sawa na mjini kati, hakuna tena mtu wa kutudharau. Nilimwambia nitaamini nikiona. Mama Karima hakubishana. Alisema tu kwamba barabara ikipita mbele ya malewa yake, hata wenye magari watasimama kula. Alikuwa na haki kabisa kusema hivyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku moja wakaja watu wa rangi. Kiongozi wao, agent kama tunavyowaita watumishi wa mradi, aliitwa Baraka, mtu wa makamo mwenye tumbo la mbele na kofia ya mradi. Walichora duara jekundu kwenye nyumba za upande wa pili wa njia, moja baada ya nyingine. Upande wetu hawakugusa hata tofali. Waliulizwa maana ya duara, hawakusema. Baadaye tulijua walikuwa wameagizwa wasiseme, ili watu wasianze kelele mapema. Hebu fikiria uchafu huo: mtu anachora kwenye ukuta wako, anakusalimia, anakunywa maji yako, na anafunga mdomo.

Kwa kuwa hawakusema, tukajisemea wenyewe. Huyu alisema ni umeme, yule alisema ni bomba la maji, mwingine alisema wenye duara ndio watakaopewa meza kwenye soko jipya. Upande wa pili wakaanza kuringa. Mzee mmoja aliwakataza wajukuu wasiegemee ukuta wasije wakaifuta bahati yao. Sisi wa upande huu tulikaa na wivu wetu. Na Mama Karima, ambaye mlango wake uliwahi kurukwa, hakulala.

Kesho yake Baraka alipopita, alimzuia njiani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, nikaona yote.

"Papa agent, juu ya nini munaniruka? Mie niko hapa na watu wangu. Siku hii sikuenda mahali."

Baraka alimjibu kwamba upande wetu haumo katika kazi yake. Mama Karima hakubishana naye, akamkalisha. Alimtwangia lituma ya moto, akamwekea samaki mzima ambaye wateja wengine huwa wanagawana. Mtu yule alikula taratibu, akaongezwa mchuzi, akala tena. Alipokuwa anajilamba vidole, mama akarudia ombi lake. Baraka akamtazama, akatazama ukuta, akatabasamu.

"Mama, weye unaitaka kweli?"

"Naitaka."

"Bon. Ni weye mwenyewe umeomba."

Akainuka bila hata kunawa, akachukua brashi, akachora duara kando ya mlango. Asha alipiga vigelegele. Mama Karima akamfungia mgeni lituma nyingine kwenye majani aende nayo. Baraka aliondoka akicheka, akisema samaki alikuwa mtamu.

Alijua. Mtu mjinga ningemsamehe, hata mlevi ningemsamehe. Huyu alijua duara ni nini, akaona ni kichekesho kizuri cha kushushia chakula.

Maana yake tuliisikia mwezi uliofuata, walipotukusanya njiani na kutangaza kwamba nyumba zenye duara zitavunjwa. Njia itapanuliwa kwa kula upande wa pili. Wenye nyumba za upande ule watapewa viwanja vingine, mbali huko, njia ya Masako. Mama Karima akaenda ofisini kwao kueleza. Wakafungua ramani, wakamwambia nyumba yake haimo, hivyo hana kiwanja cha kupewa. Akasema vizuri sana, kama haimo basi na ifutwe rangi. Wakasema mambo ya rangi ni ya mafundi. Mafundi wakasema hawagusi alama bila agent aliyeichora. Na agent aliyeichora alikuwa amehamishiwa kazi nyingine. Kila mmoja alimjibu kwa upole, na kila mmoja alikuwa anatazama simu yake.

Tulisugua ukuta ule kwa mchanga. Tulisugua kwa petroli ya Trésor. Tofali la kuchoma likishakunywa rangi halitapiki. Mwishowe nilichanganya chokaa nikapaka ukuta mzima, tukakaa tukijipongeza. Msimamizi wa mradi alipopita akakwangua chokaa kwa ufunguo wa gari, akasema kuficha alama ya kazi ni kosa la jela.

Siku ya kuvunja, dereva wa tingatinga alizima mashine mbele ya nyumba ile. Alikuwa na macho, aliona kwamba barabara haifiki pale. Akashuka, akamuuliza msimamizi kama hakuna makosa. Mama Karima alikuwa amesimama mlangoni, na kwa muda ule nilidhani Mungu ametukumbuka. Msimamizi hakutazama hata ramani.

"Rangi iko," alisema. "Vunja."

Tukatoa vitanda, sufuria na kinu. Ukumbi uliotuficha wakati wa mabomu ulianguka kwa msukumo mmoja, na vumbi lake tulilipiga chafya siku nzima. Mama Karima hakulia. Aliokota matofali mazima akayapanga kando, mpaka magari ya mradi yakaja kuyabeba kujazia mashimo.

Sasa utaniuliza kama Mangobo imebadilika. Imebadilika, sitasema uongo. Mgonjwa anafika hospitali bila kukwama kwenye tope, taa zinawaka baadhi ya siku, na Trésor analipia matairi machache. Mimi mwenyewe napata wateja wa mjini wanaosimamisha gari kuniletea suruali ya kupunguza. Lakini meza za soko zimechukuliwa na wafanyabiashara wa kutoka mjini kati kwenye maghorofa, na wauzaji wetu wa pondu, yaani kisamvu, wamekaa nje ya uzio wanafukuzwa na walinzi. Mfereji wa soko walichoka kuuchimba, wakauachia pale pale palipokuwa na nyumba ya Mama Karima. Kiwanja cha seremala wa Maniema ni dimbwi jeusi leo: matumbo ya samaki, maganda, na funza unaowaona wakitambaa mpaka kwenye lami mpya. Wenye magari wanapandisha vioo. Wakubwa wakija kupiga picha, wanasimama wakiupa mgongo upande ule. Wamesafisha njia ya kupita, na uchafu wote wameusukumia kwa wanaokaa.

Mama Karima sasa analala chumba kimoja na Asha na watoto, nyumba ya kupanga, na lituma anatwanga uani kwangu. Wateja waliomfuata ni wachache, kwa sababu huku ndani haonekani.

Juma lililopita pikipiki iliingia uani. Alikuwa Baraka, tumbo limeongezeka. Alisema ameitafuta malewa njia nzima hajaiona, mpaka akaelekezwa huku, na kwamba amewasifia wenzake samaki wa hapa. Niliona kwenye uso wake kwamba hakumbuki kitu. Si kwamba alikuwa anajifanya. Ile siku, kwake, ilikuwa siku aliyokula vizuri, basi. Nilishika mkasi wangu, sijui kwa nia gani. Mama Karima alikuwa katikati ya kutwanga, na lituma haingoji, kwa hiyo alimwacha amesimama mpaka donge liliposhikana. Ndipo akauweka mchi chini.

"Ulikulaka nyumba, papa," alimwambia. "Na haujashiba?"

Baraka akacheka, akavuta benchi, akauliza leo kuna samaki gani.