Siku Niliyokimbia na Viza Hai

Nakumbuka mchana mmoja kule Guangzhou, mwanangu, na ninaukumbuka kwa magoti zaidi kuliko kwa kichwa. Unanijua mimi ni mtu wa kiti changu. Mama yako akinituma dukani, narudi nimechoka kama niliyevuka mpaka. Kunipeleka China kununua jinzi za kuuza lilikuwa wazo lake, si langu, na hadi leo tunalizungumza kwa sauti ya chini.

Miaka ile walikuwa wamekaza ukaguzi wa viza. Askari walipanda ghorofa baada ya ghorofa katika majengo ya Huanshi Zhonglu, ambako sisi wageni tulinunua, tulikula na kulala. Mtu akikohoa kwenye ngazi, milango mitatu inafungwa. Nililala na suruali. Nilikula nikitazama mlango, kwa hiyo nilikula vibaya, na unajua ninavyokiheshimu chakula.

Siku hiyo tulikuwa watatu mezani, katika mgahawa wa ghorofa ya tatu. Mimi, Otieno wa Nairobi, tuliyepanga naye chumba kimoja, ambaye viza yake ilikuwa imekwisha, na Mzee Mhando wa Korogwe, askari magereza mstaafu, aliyekuwa akienda mji wa Shiling kutafuta mikoba ya duka la binti yake. Viza yangu mimi ilibakiza siku kumi na tisa. Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kila baada ya matonge mawili naipapasa kama mwenye vidonda vya tumbo.

Mtu akapaza sauti kutoka ngazini, "Jingcha", ndio askari kwa lugha ya kule, na meza zote zikasimama.

"Buda, hepa, ni karao," alisema Otieno, na alipomaliza alikuwa ameshavuka mlango.

Nami nikahepa. Sikuamua, mwanangu. Miguu iliamua, mimi nikaifuata. Nilishuka ngazi za nyuma, ndala moja nikaiacha ghorofa ya pili, nikajibanza nyuma ya marobota ya nguo chini kabisa, nikahema huko kwa muda wa kutosha kuyapitia maisha yangu yote, ambayo kwa kweli si marefu kusimulia. Kisha nikapapasa mfuko. Hamna kitu.

Yaani nilikimbia nikiwa na karatasi halali, nikafika nikiwa sina. Bila pasipoti ile ningewekwa ndani, nirudishwe kwetu mikono mitupu, nisikanyage tena China. Ningemwambia nini mama yako? Kwamba nilikuwa na haki ya kukaa, ila niliona watu wanakimbia?

Ngazi zilipotulia nilipanda, mguu mmoja peku, nikiinamia kila ngazi kutafuta. Mgahawani palikuwa kimya. Mzee Mhando alikuwa palepale, bakuli la supu limefika chini.

"Karibu, mwanariadha. Ndala nyingine iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Pasipoti yangu imepotea."

"Marahaba. Kaa."

"Mzee, imepotea."

"Nimesikia. Kaa kwanza."

Nikakaa. Akainua tako moja, akaitoa pasipoti yangu chini yake, ina joto. Ilidondoka nilipoinuka, naye aliikalia muda wote askari wakisoma ya kwake.

"Wangeniinua," akasema, "ningewaeleza nini? Mzee mmoja, pasipoti mbili. Leo ningelala wapi?"

Nikanyoosha mkono niichukue, akaivuta kwake.

"Viza yako ina siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Sasa ulikuwa unamkimbia nani?"

"Niliona watu wanakimbia, mzee."

Hapo akalisukuma bakuli pembeni. Ujanani, alisema, alikuwa mlenga shabaha, akapelekwa nje kwenye michezo ya mataifa, zamani hizo nchi zetu ndiyo kwanza zinaanza kualikwa. Walilala kifudifudi mstari mmoja, kila mtu na shabaha yake mbele yenye namba. Yake kumi na moja. Wa namba kumi na mbili alikuwa mwepesi: anafyatua, anafyatua tena.

"Kila akifyatua, kidole changu kinawasha. Nikaanza kwenda na mwendo wake, na macho nayo yakahamia kwake. Risasi yangu ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote nilizopata kupiga. Katikati kabisa. Kwenye shabaha yake yeye. Kwangu wakaandika sifuri. Halafu nikabakiwa na muda mrefu wa kulala pale, kwa sababu muda wangu wa kupiga ulikuwa bado haujaisha."

Akanipa pasipoti. "Na wewe siku zako zilikuwa hazijaisha."

Wiki iliyofuata askari waliingia kwenye jengo la nguo kule Guangyuan Xilu, nikiwa nachagua jinzi. Watu wakatawanyika. Nikakaa juu ya robota. Mwanangu, usidhani nilitulia; nililikamata robota kwa mikono miwili hadi mwenye duka akanitazama. Askari akaisoma pasipoti, akanitazama, akaisoma tena, akanirudishia. Basi.

Usimcheke Otieno. Yeye alikuwa na sababu ya kukimbia. Mimi nilikuwa na miguu tu. Baadaye alijipeleka mwenyewe kwa askari, akarudishwa kwao, na bado tunasalimiana.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi umeniambia unaacha chuo kwa kuwa wenzako watatu wameacha. Huenda wao wana sababu zao. Kaa kwanza. Tazama karatasi yako wewe, hesabu siku zako wewe, na kidole kikiwasha, ujue ni bunduki ya nani imelia. Ukishajua, ukaona kweli unayo sababu ya kuondoka, ondoka, ila utembee, na ndala zote mbili.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe makalio mazito kama ya Mzee Mhando, na siku ukiangusha kitu chako cha thamani, akuwekee karibu mtu wa kukikalia.