Chumvi, Maganda na Mfuo wa Sultani

Hali ilikuwa hivi. Mlimani Uluguru tulilima kwa jembe la mkono, kwa kuwa miteremko haikuruhusu kingine. Bondeni, chini ya mji wa Morogoro, ulikuwepo udongo mweusi mzito uliowashinda wenye majembe. Ng'ombe walikuwa haba, maana mbung'o waliwamaliza. Basi miaka michache baada ya vita kuu, serikali ya wakati ule ilifungua kituo kidogo mahali pasipo mbung'o, ili wakulima waone plau ikikokotwa na maksai, yaani madume yaliyohasiwa.

Siku ya kwanza niliwasili kutoka Matombo na cheti changu cha shule ya misheni, nikamkuta mnyapara wa zizi, Mzee Maganga, Mnyamwezi, akipaka nira mafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Matombo."

"Mluguru!" Akaangua kicheko. "Mtani wangu, ng'ombe umemwonea wapi? Kwenu si mnakamua migomba?"

"Tunaikamua, mzee. Maziwa yake ndiyo yaliyowalevya babu zako walipopita na mizigo."

Akanipa nira niishike. Nilikuwa nimeajiriwa.

Bwana Mifugo wa kwanza alikagua zizi kila Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo zizi lilifagiliwa Ijumaa jioni, na siku nyingine samadi ilijikalia. Aliyemfuata alikuja siku yoyote, saa yoyote; pengine mara mbili kwa siku, pengine asionekane wiki nzima. Hakuwa mkali kumshinda mwenzake, lakini zizi halikuchafuka tena. Hapo ndipo nilipoanza kutambua kwamba kiumbe haangalii tuzo au lawama peke yake. Huangalia pia mpangilio wa kuja kwa tuzo au lawama hiyo.

Maksai aliyenifunza jambo hili barabara aliitwa Sultani. Desturi ya kituo ilikuwa kumlambisha chumvi kila afikapo mwisho wa mfuo, yaani ule mchirizi unaochorwa na plau. Akishalamba, alisimama kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Chumvi ilipoadimika madukani kwa muda, alijaribu mifuo miwili bila tuzo, kisha akalala chini, nira shingoni. Tena alikuwa na kasoro mbaya zaidi: kila alipokaribia njia ya sokoni, mfuo wake ulipinda kuelekea huko.

Bwana Mifugo wa pili alikuja akatazama, asiinue sauti. "Vuli ikianza, wakulima watakuja kutazama. Kama huyu hatalima mfuo ulionyooka, atakwenda kwa mchinjaji."

Mzee Maganga hakutania siku ile. Alikuwa amemlea Sultani tangu akiwa ndama.

Tuliketi ukingoni mwa shamba, tukachunguza. Kina mama waliposhuka mlimani na matenga ya ndizi walipumzika pale njiani. Siku nyingine walikula ndizi wakamtupia Sultani maganda. Siku nyingine walipita tu. Yeye hakujua ni lini, na kwa sababu hiyo hakuacha kutazama. Chumvi ilimwita upande huu kwa uhakika, maganda yakamwita upande ule kwa matumaini, naye aligawa nguvu zake baina ya viwili hivyo.

Nilimpelekea Bwana Mifugo maelezo hayo. Akatafakari, akasema, "Basi hamisheni matumaini. Yawe mwisho wa mfuo."

Tulianza taratibu. Mara tulimlambisha chumvi baada ya mfuo mmoja, mara baada ya mitatu, mara baada ya miwili, pasipo utaratibu anaoweza kuukariri. Kisimamo chake kikafupika. Yalibaki maganda. Nikamwendea Bi Mwanahawa, kiongozi wa wale kina mama, nikamwomba wampe maganda sisi tukiwapo, mwisho wa mfuo tu, wala si njiani.

"Yaani unipangie saa ya kumlisha mchumba wangu?" akauliza, wenzake wakicheka.

"Mchumba wako atachinjwa, mama."

Kicheko kikakatika. "Ungesema mapema, mwanangu."

Vuli ikaingia, wakulima wakajipanga. Sultani alivuta vizuri hadi usawa wa njia, akainua kichwa: Bi Mwanahawa alikuwa pale, tenga kichwani. Mzee Maganga alishika mkono wangu hata ukaniuma. Yule mama akamgeuzia mgongo Sultani, akapaza sauti, "Nenda kazini! Mume hodari haangaliiangalii njiani!"

Sultani akapumua kwa kishindo, akainamisha shingo, akavuta mpaka mwisho. Mfuo ulikuwa umenyooka. Bwana Mifugo akamgeukia Mzee Maganga. "Mchinjaji na atafute mwingine."

Nilipostaafu nilikuwa nimefundisha maksai wengi na wasaidizi wengi, nami sikuona tofauti kubwa katika kanuni. Mtu husubiri lori la Matombo mchana kutwa, kwa kuwa halina saa. Treni yenye saa huiendea saa ile ile. Anayetaka kuanzisha mazoea na atuze mara nyingi. Anayetaka yadumu na apunguze tuzo, asitabirike. Lakini ajihadhari, kwani kanuni hiyo hiyo humgandisha mcheza karata penye mkeka wake. Kanuni haina dhamira. Dhamira ni ya mwenye kuitumia.

Sultani alivuta plau misimu mingi baada ya vuli ile, akafa zizini kwa uzee.