Fomu ya Mdhamini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu viwili: mhuri wa tarehe na amri ya kunyamaza. Mkutubi Mkuu, bwana wa suti ya kijivu na viatu visivyojua vumbi, alinisimamisha mbele ya kibao kilichoandikwa KIMYA akasema, "Bibi, maktaba si soko." Mimi mtoto wa Mombasa, nimelelewa katika nyumba ambayo kuomba chumvi tu ni mazungumzo ya robo saa! Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, mume wangu kahamishiwa Nairobi, nami nimechoka kukaa ndani. Nikaupokea mhuri.

Nyinyi vijana hamjui kazi ile. Kila kitabu kilikuwa na kijimfuko cha karatasi ndani ya jalada, na humo kadi yake. Mtu akiazima, unaichomoa, unaibana pamoja na kadi ya mwanachama, unazipanga kwenye sanduku refu kwa tarehe ya kurudisha, kisha unagonga mhuri. Mhuri wenyewe mkaidi ajabu. Asubuhi moja niligonga vitabu vyote virudishwe siku iliyokwisha kupita, na watu wakanirudia mlangoni wamenuna.

Baada ya miaka miwili nikapelekwa tawi la Dagoretti Corner. Tawi gani! Chumba kimoja nyuma ya maduka, rafu nne, viti sita. Kisha ukaja waraka kutoka makao makuu: kila tawi lianzishe shughuli za jamii. Haukusema kwa kutumia nini. Jumamosi nikawa nawasimulia watoto hadithi, watoto arobaini kwa viti sita, mpaka sauti inakauka. Jumatano mchana wakaanza kuja wanawake wa sokoni, saa ambazo wateja ni wachache. Mwanzo walikuja kupumzisha miguu tu. Nikawa nawasomea kwa sauti kitabu cha ufugaji wa kuku.

Mama Wanjiru, muuza viazi, ndiye aliyenikatiza. "Mama Saidi, wewe unasoma na kukimbia. Hebu nionyeshe mahali imeandikwa kuku."

Nikamwonyesha. Jumatano iliyofuata akataka kuonyeshwa yai. Ndivyo darasa lilivyoanza, wanawake kumi na mmoja, tukiandikia migongo ya kadi zilizokwisha kutumika. Naam, walipiga kelele. Mtu mzima akisoma neno lake la kwanza hanyamazi, na mimi sikumnyamazisha mtu.

Habari zikamfikia Mkutubi Mkuu. "Hawa ni wanachama?" akaniuliza. "Asiye na kadi hakai. Wapate kadi, ama Jumatano inafungwa."

Sasa kadi ya asiye na ajira ilitaka fomu ya mdhamini, yaani mtu mwenye mshahara, duka au kiwanja anayeweka sahihi kwamba kitabu kikipotea atalipa yeye. Waume wakagoma, mmoja baada ya mwingine. Mume wa Mama Wanjiru alikuja mwenyewe kuniambia, "Akishajua kusoma, si atasoma mpaka barua zangu?" Afadhali huyo, alisema kweli. Kwa hasira nikakaa chini nikaweka sahihi yangu kwenye fomu zote kumi na moja. Mfanyakazi wa maktaba hakuruhusiwa kumdhamini mtu. Nilijua vizuri, maana fomu ile niliipiga chapa mimi.

Mama Wanjiru akaazima kitabu cha kuku. Alikifunga kwenye leso safi akaondoka nacho kama anabeba mtoto mchanga. Tarehe ya kurudisha ikafika, ikapita. Na siku gani Bwana Mkuu akachagua kuja kwa ukaguzi, kuhesabu kila kitabu na kukilinganisha na rejista? Kesho yake tu, jamani!

Kikakosekana kimoja. Akaitoa fomu, akaona sahihi yangu. Akatoa ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja.

"Bibi, umelidhamini soko zima! Kitabu kiko wapi?"

Tukaenda sokoni, yeye na viatu vyake, mvua ilikuwa imenyesha. Mama Wanjiru hata hakushtuka. "Kitabu haijapotea, mzee. Iko tu njiani."

Njiani! Alikuwa amempa jirani yake wa sukuma wiki. Wa sukuma wiki kampa wa mahindi, wa mahindi kampa wa ndizi. Kila meza tuliyofika tuliambiwa kimekwenda meza ya mbele, na kila mmoja alimweleza Bwana Mkuu jinsi ya kumtibu kuku. Roho ilikuwa mkononi. Tulikikuta meza ya mwisho, kwa mama wa makaa. Alikuwa anawasomea wateja wawili, neno kwa neno, kidole cheusi kikifuata mstari.

Bwana Mkuu alisimama, akangoja mpaka ukurasa ukaisha. Hilo nampa. Nikasema moyoni, leo ameona. Kumbe! Akakichukua kitabu, akakifuta kwa leso yake ya mfukoni, akasema, "Kanuni ya saba. Mwanachama haruhusiwi kumwazimisha mtu wa tatu kitabu."

Wiki ile ile Jumatano ikafungwa, na mimi nikahamishiwa ghala la vitabu mjini, chini ya ardhi, pasipo msomaji hata mmoja. Nililia chooni, kwa hasira wala si kwa huzuni. Baadaye nikapelekwa Westlands, kisha Hurlingham, na kila bosi alinionyesha waraka ule ule wa shughuli za jamii kana kwamba ameuandika yeye. Mwishoni mwa miaka ya sabini nikastaafu. Wakanipa saa ya ukutani na hotuba ndefu kuhusu kuishirikisha jamii. Niliuma meno mpaka chai ikaisha.

Mume wangu alikuwa amekwisha fariki, na wanangu wako Mombasa. Nikarudi tawi la Dagoretti Corner kujiunga kama mtu wa kawaida. Binti wa mezani akanisukumia fomu. "Unahitaji mdhamini, mama. Wewe huna kazi."

"Binti, fomu hii niliipiga chapa mimi!"

"Ni sheria, mama."

Nilitoka na fomu mkononi. Miguu ikanipeleka sokoni yenyewe. Mama Wanjiru alikuwa na duka sasa, na kibao juu ya mlango. Nikampa fomu, nikamwonyesha mahali pa sahihi. Akavaa miwani akaanza kusoma, mstari baada ya mstari, wateja wamepanga foleni.

"Weka sahihi tu, Mama Wanjiru, nimechoka!"

"Ngoja. Mimi siweki sahihi kwa kitu sijasoma. Si wewe ndio ulinifundisha?"

Akasoma mpaka chini. Kisha akaandika jina lake lote, majina matatu, bila kuinua kalamu. Lakini hakuniachia karatasi. Kidole chake kilikuwa kwenye kanuni ya saba.

"Hapa wanasema usipatie mtu wa tatu."

"Ndivyo wanavyosema," nikajibu.

"Haya. Ukimaliza kusoma, uniletee mimi kwanza."