Marahaba ya Kule Juu

Mimi bonge. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunificha. Kiti cha plastiki kikiniona nakuja kinaanza kusali. Watu wa kwetu Bigwa, chini ya mlima, wakicheka, mimi nacheka kuliko wao, halafu narudi chumbani, nafunga pazia, nalala mchana kutwa. Mle ndani kulikuwa na kitu kinaniambia: lala tu, unaamka uende wapi. Hakikuwa mtu. Lakini nilikuwa nakitii kuliko mama yangu.

Dada yangu akanipeleka zahanati. Nesi akasema nitembee haraka kila asubuhi mpaka jasho linitoke, itasaidia mwili na kichwa pia. Tulipotoka nje dada akaniambia, "Ukirudi kwenye kile chumba safari hii, naogopa hutatoka tena." Dada yangu hutania kila kitu. Hapo hakutania.

Nikaanza kupanda njia ya mlimani kunapokucha. Ukungu wa Uluguru ukishuka, hata miguu yako mwenyewe huioni. Siku ya kwanza tu nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Nikisimama, anasimama.

"Ni pumzi zako hizo, bonge," dada akasema. "Huzijui kwa sababu hujawahi kuzitumia."

Kesho yake, kwenye mteremko mkali, nikasikia miguu inashuka kutoka juu. Mingi, peku, na hakuna anayeongea. Nikasema, "Shikamooni." Wakanipita karibu kabisa, harufu ya majani mabichi na udongo, hakuna aliyeitikia. Kwetu hata mtu mliyegombana naye, shikamoo anaitikia. Nikajua hawa si watu. Mwili huu mnaousikia ulikatiza migombani, ukakimbia mpaka nyumbani.

Siku ile nilioga, nikala, na kile kitu cha chumbani hakikusema neno. Asubuhi kikarudi: umeona yaliyoko huko? Lala. Nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Nikavaa cha pili.

Kule juu nikawaamkia, wakanipita tena bila kuitikia. Safari hii nikawafuata mpaka mteremko ulipoishia kwenye jiwe kubwa. Hapo wakatua matenga. Kumbe ni kina mama wanaoshusha mboga sokoni.

"Marahaba, mwanangu," mmoja akasema. "Na ile ya jana pia, marahaba."

"Mbona kule juu hamkuitikia, mama?"

"Kwenye utelezi, na tenga kichwani? Ukianza maneno unakosea mguu. Sisi tunaitikia hapa jiweni. Wewe jana ulikimbia kabla hujapokea."

"Mimi nilidhani ng'ombe wa mtu amekata kamba," mwingine akasema.

Tukacheka. Halafu yule wa kwanza akatazama juu, kwenye ukungu nilikotoka.

"Na mwenzako aliyekuwa nyuma yako, mbona hashuki?"

Nilikuwa peke yangu. Sikugeuka.

Mpaka leo napanda. Anahema nyuma yangu, nikisimama anasimama. Chumbani kumekuwa kimya, pazia liko wazi, nalala usiku kama watu wengine. Nadhani aliyekuwa mle ndani ndiye huyu, amenifuata nje. Kiti cha plastiki bado kinaniogopa. Ila siku hizi tukifika kwenye mwinuko, namsikia anaanza kuchoka kabla yangu. Hapo ndipo naongeza mwendo.