Vitenzi Shingoni mwa Bwana Harusi

Hebu mwone anavyoshuka kwenye pikipiki pale Puge, Alhamisi, jua la saa nane: mtu mzima wa miaka sitini na ushei, vumbi la njia ya Tabora limemfika hadi kwenye nyusi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Huyo ni Muntasir, fundi kanzu wa Cheyo, mjini Tabora, na tangu alfajiri hajakaa kitako.

Kinachomhangaisha ni karatasi. Mafundi wenzake wakimaliza kazi hucheza bao. Yeye hupanga vitenzi. Alianza zamani, alipookota kitabu chakavu cha Kilatini, akaona "anabeba" kwao ni fert, na kwa Wahindi wa kale ni bharati. Watu hawa walikutana wapi? Sisi, msomaji wangu, nafsi tunaitanguliza: ninabeba, unabeba, anabeba. Wao huiburuta mkiani, na mikia yenyewe inafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kwa mtu wa mji uliojengwa na wapagazi, kuanza na kubeba hakukuwa ajabu.

Kiajemi ndicho kilichomletea ubishi. Mwalimu Xavery, aliyefundisha Kilatini hadi akastaafu, alimwambia lugha hiyo huandikwa kwa herufi za Kiarabu, basi kwao ni Uarabuni. Muntasir akajibu kwamba herufi ni kanzu tu, mwili ni mwingine, wa ukoo mmoja na Kilatini. Ushahidi alikuwa nao: vitenzi ishirini na tisa alivyotamkiwa na jirani yake, Bibi Asila, aliyelelewa na mama Mwajemi. Bibi Asila alizikwa mwaka jana. Mwalimu Xavery naye anahamia Kigoma kwa treni ya Jumamosi. Ameahidi kuisoma karatasi kabla hajaondoka, na akishindwa hoja, akiri mbele ya watu wa baraza wanaomwita Muntasir profesa wa uzi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Jedwali zima aliliandika nyuma ya karatasi ya kaki aliyokuwa akikatia kanzu za marehemu Majidi. Na desturi yake ni moja: mtoto akija kuomba kipimo cha mzazi wake aliyefariki, haambiwi njoo kesho. Yahaya, mwana wa Majidi, alipokuja akitaka kuoa ndani ya mkato wa babake, Muntasir alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili bila kuigeuza, naye akaipeleka kushonewa Puge.

Doto, fundi wa Puge aliyejifunza kushona kwake, akamwamkia. Aliitikia marahaba, na maji hakuyangoja. Karatasi ikatandazwa mezani. Kilatini kipo, Kijerumani kipo, lugha ya Wahindi wa kale ipo. Ukingo wa kulia, palipokuwa na Kiajemi, umekatwa. Yahaya ni mwembamba kuliko babake, Doto alipunguza.

"Na kipande?"

Doto akaelekeza kwa kidevu kanzu iliyotundikwa ukutani. "Si ulinifundisha mwenyewe, fundi? Darizi ya shingo bila karatasi chini yake hulegea kama sikio la mbwa."

Yahaya, aliyekuja kujaribu nguo, akacheka. "Mzee, mambo hayo si yamo kwenye simu?"

"Kwenye simu kimo Kiajemi," alisema Muntasir. "Bibi Asila hayumo."

Akaibonyeza ile shingo. Karatasi ikachakarisha ndani. Akaenda mlangoni, akarudi. Mibaram, mibari, mibarad, kitenzi cha kubeba anakikumbuka. Ishirini na nane vilivyobaki havimjii. Darizi ilimlia Doto siku tisa, na harusi ni kesho baada ya sala ya Ijumaa. Akisubiri harusi ipite, jasho la ngoma litakunywa wino wote.

Yahaya kicheko kilikuwa kimemwisha. "Baba hakuwahi kuvaa kanzu isiyo ya mkato wako," alisema polepole. "Ukisema ifumuliwe, mzee wangu, mimi nitaoa nimevaa shati."

Doto akaweka wembe mezani, akageukia dirishani. Muntasir akauchukua, akakaa, mara ya kwanza siku ile, kanzu mapajani. Akasimama tena. Nawe uliyemsindikiza hadi hapa, ungekuwa wewe mwenye wembe ule, ungeukata uzi wa kwanza?