Mwalimu Ndunge na Kichwa Kisichotulia

Sokoni Kasikeu, ukitaka sare ya shule ambayo itamaliza mwaka bila kufumuka, utaelekezwa kwa Ndunge. Ukitaka kugombezwa bure, utaelekezwa kwa huyo huyo. Jumatatu hadi Ijumaa yuko nyuma ya cherehani yake, na pini zimejaa mdomoni. Jumamosi asubuhi anafunga kibanda, anabeba gunia la fimbo begani, na kuteremka hadi uwanja wa gofu.

Ndiyo, gofu, hapo hapo Kasikeu. Mgeni akitaka kucheka, acheke. Wenyeji walimaliza kicheko chao zamani.

Uwanja wenyewe uliachwa na wakubwa wa shamba la katani walipofunga virago. Una mashimo tisa, miiba ya kutosha na mbuzi wasiojulikana ni wa nani mpaka wagongwe na mpira. Usitafute majani mabichi. Kuzunguka kila shimo kuna brauni, yaani duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Kabla ya kusukuma mpira shimoni, mchezaji anaburuta bomba la chuma juu ya mchanga ili ajilainishie njia. Oili inaletwa na Gedion, fundi wa magari, ambaye pia ni msaidizi wa Ndunge katika mafunzo. Gedion ni mtu mpole. Ndunge akisema lolote, jibu lake ni moja: "Sawa, Mwalimu."

Ndunge alipokuwa msichana mdogo, aliwaokotea wakubwa hao mipira. Siku moja aliomba apige mmoja tu. Msimamizi akamwambia huo si mchezo wa watoto wa kike, aende akachote maji. Akaenda kweli akachota maji. Maji yale yalikwisha siku ile ile, lakini neno lile amelibeba mpaka leo, na bado linamchoma. Ndiyo maana wakubwa walipoondoka na kuacha fimbo za zamani stoo, yeye ndiye aliyeziomba, akazisugua kutu, akaanza kuwaita watoto, wasichana kwanza. Leo ana kundi zima, na likizo ikifika wengine wanatoka hata Kalamba.

Anawafunza kwa namna yake. Anasema ugonjwa wa mchezo huu ni mmoja, nao ni haraka ya kuona. Mtu anataka kujua mpira umekwenda wapi kabla hajaupiga vizuri, basi anainua kichwa. Kichwa kikiinuka bega nalo linainuka, na fimbo inaparuza mpira juu juu. Dawa yake inatoka shambani. Anachimba kitundu kidogo kwa kidole, anaficha ndani punje ya ndengu, au kunde, au mbaazi, halafu anaweka mpira juu yake. Mtoto akishapiga, kabla hajasogea, anaulizwa, "Umeona nini?" Akisema kunde, na iwe kunde kweli, anapewa mpira mwingine. Akisema, "Nimeona mpira ukienda," basi anakimbia hadi ule mti wa mgunga ulio mwisho wa uwanja na kurudi, huku wenzake wakimwimbia.

Watoto wote wameukimbilia mgunga ule. Ndunge hajaukimbilia hata mara moja, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumuuliza swali.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Waandaaji wa mashindano ya vijana, ambayo yalipangwa kufanyika Kitui, walitangaza kwamba hakuna mtoto atakayeandikishwa bila mkufunzi mwenye cheti. Cheti chenyewe hakipatikani kwa maneno. Mkufunzi anapelekwa kwenye uwanja wa majani, anacheza raundi nzima huku mtahini akihesabu mapigo, na yakizidi kiwango anarudi nyumbani.

Kwa watoto wengi hiyo ilikuwa hasara ya mwaka mmoja. Kwa Kavindu ilikuwa hasara ya kila kitu. Kavindu ana miaka kumi na mitano, mrefu, mkimya, na mpira wake unapaa juu na kutua pale pale anaposema utatua. Huko Kitui ndiko wangechaguliwa wasichana wa timu ya vijana ya kanda, na mwakani umri ungekuwa umempita. Ndunge alijua vizuri maana ya msichana kuambiwa muda wake umekwisha. Akaapa kwamba cheti atakipata, hata kama ni kwa kutambaa.

Mara ya kwanza alishindwa kwa jambo la aibu. Alifika kwenye majani laini yanayozunguka shimo, yamekatwa chini kama zulia, na mguu wake ukafanya kile ulichozoea. Alikuwa hana bomba, basi akaburuta kiatu kutoka kwenye mpira hadi shimoni.

"Madam, unafanya nini?" aliuliza mtahini, Bwana Kanyi, mzee nadhifu mwenye kofia nyeupe.

"Natengeneza njia."

"Hapa njia ilishatengenezwa, madam. Hiyo ni penalty."

Akaongezewa mapigo. Kufikia jioni yalikuwa yamezidi kiwango. Mara ya pili hakuburuta kiatu, lakini mipira ilimkimbia kulia na kushoto, mingine ikachapwa kichwani ikatambaa ardhini kama nyoka. Gedion, aliyekuwa kedi wake, yaani mbebaji wa mfuko wake wa fimbo, alikuwa akiuokota mfuko na kusema, "Sawa, Mwalimu." Haikuwa sawa hata kidogo.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Ndunge aliwaambia wateja waliompa pole, akakanyaga cherehani kwa nguvu hadi uzi ukakatika. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu kabla ya uandikishaji kufungwa.

Siku moja kabla ya jaribio la tatu, Gedion alikuja kibandani ameshika kiuno. Mgongo, alisema. Hawezi kubeba hata kikombe. Ndunge akampa pole na dawa ya kuchua. Mgongo huo ulipona jioni ile ile, maana Gedion alionekana akisukuma pikapu iliyokwama, lakini Ndunge hakuwa na habari.

"Basi nitabeba mimi," alisema Kavindu, ambaye alikuwa amesimama nje ya kibanda muda wote.

Ndunge hakupenda. Mwalimu gani anataka mwanafunzi wake amwone akianguka? Lakini kedi mwingine hakuwepo, na msichana alikuwa ameshauchukua mfuko.

Bwana Kanyi aliwapokea kwa adabu. Ndunge akaanza vizuri, akatamba kidogo, halafu shimo la tatu ugonjwa ukarudi. Mpira mmoja ulikwenda majini. Mwingine ulikwenda kwa watu waliokuwa wakinywa chai. Kila akikosea, alitafuta sababu: upepo, fimbo, viatu, jua. Kavindu hakusema neno. Kwao, kama ilivyo kwa wengi Ukambani, mtoto hamkosoi mkubwa, na huyu hakuwa mkubwa tu, alikuwa Mwalimu. Aliinama, akafuta fimbo, akairudisha mfukoni. Walipofika nusu ya raundi, Ndunge alikuwa amebakiwa na nafasi finyu kabisa ya kukosea.

Shimo la kumi aliuchapa mpira ukazama kichakani. Akasonya. Alipogeuka kurudisha fimbo, alimkuta Kavindu amenyoosha mkono juu, kama Jumamosi pale uwanjani.

"Nini?"

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza haraka, mzee anatungoja."

Sauti ya msichana ilikuwa ndogo, na macho yake yalikuwa chini. "Umeona nini?"

"Si nimeona mpira ukiingia..." alianza Ndunge.

Alijisikia mwenyewe. Jibu lile, kule Kasikeu, lilikuwa jibu la kupelekwa mgungani. Uso ulimwaka moto. Mkono ulitaka kumpiga mtu kofi, ila hakujua ampige nani.

"Mimi nainua kichwa?"

"Ii, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu nikujue."

"Na wenzako wanajua?"

"Wanajua wote. Hata wale wa Kalamba."

"Na Gedion?"

Kavindu alitazama viatu vyake. Hapo Ndunge akaelewa ule mgongo ulikuwa mgongo wa namna gani: wa mtu anayeogopa kusema. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini yeye alikuwa amezungukwa na vinyozi tele, wote wanaona nywele zimetimka, na hakuna aliyethubutu kushika wembe. Na nani aliwafundisha uoga huo? Si yeye, kwa ukali wake? Aliona aibu, akamkasirikia Gedion, akajikasirikia mwenyewe zaidi.

"Madam," alisema Bwana Kanyi kwa upole, "wenzetu wa nyuma wamefika."

Ndunge alivuta pumzi. Angeweza kumwambia msichana afunge mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa umeshafungwa kwa miaka, na ona umewafikisha wapi. Akamtazama yule mtoto aliyekuwa amebeba mfuko mzito, ambaye hajaomba chochote ila nafasi ya kupiga mpira.

"Sikiza, mwana wakwa," alisema, kama mama anavyomwita mwanawe kwa Kikamba. "Kuanzia sasa uniulize. Kila mpira. Na nikikudanganya, unajua mgunga uko wapi."

Wakaendelea hivyo. Chini ya mpira hapakuwa na ndengu, lakini kulikuwa na majani, na ilibidi ayaone. Ndunge anapiga, Kavindu anauliza. "Nimeona majani." Mpira unakwenda. "Nimeona majani na sisimizi." Mpira unakwenda mbali zaidi. Mara moja alisahau, mpira ukapinda, akasema kabla hajaulizwa, "Nimeona aibu yangu," na Kavindu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Bwana Kanyi aliwatazama wawili hawa kwa mshangao. Alikuwa ametahini watu wengi, lakini hakuwahi kumsikia kedi akimsomesha mchezaji kama katekisimu.

Shimo la mwisho lilimkuta Ndunge kwenye ukingo wa kiwango. Alikuwa amefika kwenye majani laini, na baina ya mpira na shimo palikuwa na umbali wa kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani yake. Pigo moja, amepita. Mawili, Kavindu atausikia mchezo wa Kitui kwa kuhadithiwa.

Mguu wake wa kulia uliwashwa. Ulitaka kuburuta. Akaukanyagia chini.

"Mwalimu," alinong'ona Kavindu.

"Najua."

Aliinama. Aliona mpira, aliona majani, jani moja likiwa na ncha ya njano. Akasukuma. Mpira ukaondoka machoni pake, na kila mfupa wa shingo yake ukataka kuufuata. Akabaki kuliangalia jani la njano. Alisikia upepo. Hakusikia kitu kingine kwa muda, na moyo ukaanza kumshuka. Kisha akasikia mlio mdogo wa mpira ukigonga ndani ya kikombe cha shimo.

Bado hakuinuka. Aliogopa kwamba amesikia vibaya.

"Umeona nini, Mwalimu?" Sauti ya Kavindu ilikuwa imejaa machozi.

"Jani. La njano."

"Basi inua kichwa."

Jumamosi iliyofuata, Ndunge aliwapanga watoto wote mstari, akamsimamisha Gedion mbele yao. Kisha akamwambia Kavindu amfichie punje chini ya mpira. Akapiga. Kusema kweli alipiga kwa maringo, kwa sababu sasa alikuwa na cheti, na mpira ukaserereka hadi kwa mbuzi.

Watoto walimtazama Gedion. Gedion alitazama oili iliyokauka kwenye vidole vyake.

"Umeona nini?" aliuliza Ndunge mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu. "Si ndivyo mnavyotakiwa kuniuliza? Gedion?"

Gedion alifuta vidole kwenye suruali. "Si sawa, Mwalimu," akasema. "Umeinua."

Ndunge alimkazia macho mpaka fundi wa watu akarudi nyuma hatua moja. Halafu akaweka fimbo chini, akafunga leso kiunoni, na kuanza kukimbia kuelekea mgungani. Watoto hawakuamini. Kisha wimbo ukalipuka, kwa sauti ambayo ilisikika hadi sokoni.

Kitui walikwenda wakiwa watatu. Asubuhi ya mashindano, msimamizi alisoma kwa kipaza sauti jina la Kavindu, akasema anatoka Kasikeu, na kwamba mkufunzi wake ni Ndunge. Ndunge alikuwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Sheria haikumruhusu kusema neno, na kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza bila kulazimishwa.

Kavindu alisimama, akatulia, akapiga. Watu wote wakageuza shingo kuufuata mpira, Gedion naye akiruka juu kuuona unatua wapi. Ndunge peke yake hakuuona. Alikuwa anaangalia kichwa cha msichana, nacho kilibaki pale pale, kimeinama juu ya majani, mpaka watu walipoanza kupiga makofi.